Kwa Ntandu, Kwenye Mto wa Mchanga

Kabla ya kuondoka

Nyie wa kijiweni mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu "ilikuwa nzuri tu", halafu nikashusha miwani ya kuchomelea nikaendelea na kazi. Nakiri sikuwatendea haki. Basi naandika, mmoja asome kwa sauti wengine wasikilize, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza, na Mzee Chande ataanza kuuliza nilikula nini kabla sijavuka hata Kibaha. Nilikula, Mzee Chande. Utaambiwa vyote.

Kwa waliohamia mtaani juzijuzi: Ntandu alikuwa mlinzi kwenye mabwawa ya majitaka hapa kwetu Temeke. Mie niliitwa kule kuchomelea geti lililooza, nikamkuta kakaa juu ya tuta, darubini machoni, anahesabu ndege. Nikamcheka. Nikamwambia watu wote hapa wanapita wameziba pua, wewe mwenzetu umekodoa macho. Akanipa darubini. Nikaona ndege mweupe mwenye mabawa meusi na miguu mirefu myekundu, anatembea kwenye uchafu wetu na hachafuki. Tangu siku hiyo, miaka kumi na minne, kila Jumapili asubuhi nilikuwaga naye juu ya lile tuta. Tulihesabu, tukaandika kwenye daftari, tukanywa chai ya chupa, tukarudi makwetu tunanuka.

Na tulitaniana. Mie Mzaramo, yeye katoka bara, nikamhesabu Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za mababu. Nilimwita mtumwa wangu. Nilimpokonya chapati mkononi nikala mbele yake. Yeye alikuwa anatabasamu tu, na mie nikaona ndiyo anavyotania, mtu mpole.

Mkewe alipofariki nikafanya kile ambacho mtani hufanya msibani. Mnajua wenyewe: wenzake wakilia yeye anachekesha, ili kilio kisiwamalize waliobaki. Makaburini nyie mlikuwepo. Jeneza likiwa bado pembeni nikaruka ndani ya shimo, nikalala chali, nikasema hapa ni kwangu, huyu mama mtumwa wangu, sitoki mpaka niletewe jogoo. Mlicheka. Mie mwenyewe nilicheka nikiwa huko chini. Ntandu akasimama ukingoni, akaniangalia, akasema, "Utaletewa." Kesho yake akaniletea jogoo mwekundu, na nikamla.

Mwezi uliofuata akaacha kazi akarudi kwao, na simu zangu hakupokea tena. Miaka mitatu nikawa nasingizia mtandao. Mwaka huu ndipo nilipokutana na Neema, binti yake, nikamuuliza baba yako kanitupa kwa nini. Akatazama chini. "Baba mdogo, ulimuumiza baba," akasema. "Sie siyo Wanyamwezi. Sie Wanyaturu. Kwetu hatuna hayo mambo."

Ndiyo maana nilikwenda. Nyie niliwaambia nakwenda kuangalia ndege kwa sababu niliona aibu. Nilikwenda kumwomba radhi Ntandu, nimpate tena rafiki yangu. Tangu binti yangu Zuhura aolewe, nyumbani niko peke yangu, na Jumapili juu ya tuta nikiona ndege mgeni nageuka kumwonyesha mtu, pembeni hakuna mtu.

Mbezi mpaka Gairo

Basi liliandikwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Likaondoka saa tatu kasoro, kwa sababu kuna mtu alikuwa na friza yake anataka isafiri naye, na kila walivyoigeuza haikuingia kwenye buti. Mie fundi, nikaona nisikae kimya, nikashuka nikawaambia wavue mlango wa friza kwanza. Wakavua. Ikaingia. Mwenye friza hakusema hata ahsante, akaanza kuwa na wasiwasi na mlango wake.

Jirani yangu kwenye siti alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, kapakata kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye khanga. Alikataa kukiweka chini. Tulipopita Chalinze akafungua mfuko, akanipa yai la kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, akauliza nakwenda wapi.

"Manyoni. Nakwenda kuangalia ndege."

Akatafuna taratibu. "Umepanda basi, kutwa nzima, kuangalia ndege? Kwani Dar kunguru wameisha?"

Nilicheka mpaka yai likanipalia. Morogoro tuliposimama nikamnunulia mahindi ya kuchoma na mie nikajichukulia supu na chapati mbili. Supu ilikuwa na mfupa mtupu, Mzee Chande, lakini chapati zilikuwa za moto. Tukarudi kwenye gari tumeshakuwa ndugu. Akaniambia yeye ni Mnyaturu, anarudi Singida kufungua duka la kushona. Nikaona hapa ndipo pa kujifunzia.

"Dada," nikamwambia, "hivi nyie kwenu mna utani na Wazaramo?"

"Sie? Labda wengine. Mie nyumbani kwetu sijauona."

"Na mtu akija kwenye mazishi yenu, akaingia kaburini akalala, akadai apewe kitu ndiyo atoke?"

Akaacha kutafuna mahindi. "Nani kafanya hivyo?"

"Mtu tu."

"Kaburi la nani?"

"La mke wa mtu."

Akageuza kile kichwa cha cherehani kwenye mapaja yake, kikawa katikati yetu. "Huyo mtu," akasema, "kama hakupigwa siku hiyo, basi mwenye mke ana subira ya ajabu." Baada ya hapo akaangalia nje. Nilijaribu kumrudisha kwenye mazungumzo mara mbili, nikamsifia cherehani, akanijibu kwa kutikisa kichwa. Sikumlaumu. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ile ya kijani, nikaivuta mpaka kwenye nyusi, nikajifanya nimelala.

Gairo mpaka Manyoni

Gairo mkanda wa injini ukakatika. Dereva akasema nusu saa. Fundi mwenyewe alikuja baada ya saa moja na nusu, na mkanda alioleta haukuwa wenyewe, ikabidi arudi. Upepo wa Gairo sijawahi kuuona, unapuliza vumbi mpaka meno yanakuwa na mchanga, na ni baridi, jua linawaka na unatetemeka. Nilinunua viazi vya kukaanga na mishkaki mitatu. Mishkaki ilikuwa migumu lakini ina pilipili nzuri.

Kilichonikaa hapo siyo baridi. Abiria wote walitoa simu. Huyu anamwambia mkewe tumeharibikiwa Gairo, msinisubiri kula. Yule anamwambia mwanawe asifunge mlango. Yule mama wa cherehani alizungumza na watu wanne, kila mmoja akimpa habari ile ile kwa sauti mpya. Mie nikatoa simu na mie. Nikaishika. Nikaanza kufikiria ni nani hasa atakuwa ananisubiri mahali, nikakosa. Zuhura ana watoto wake na mume wake, ningempigia angeanza kuogopa bure. Nikairudisha mfukoni. Nawaambia ukweli, pale kando ya barabara, katikati ya watu hamsini wanaopiga kelele, niliona upweke nilioukimbia Temeke umeshatangulia kufika.

Dodoma tulipita jua limeelekea magharibi, dirishani wakiuza zabibu. Nikanunua mfuko mmoja, nikamkaribisha yule mama. Akachukua punje mbili, kwa adabu tu. Manyoni nikashuka mie na mtu mmoja mwenye magunia. Wakati nachukua begi langu, mama akatoa kichwa dirishani.

"Kaka," akaniita. "Ukifika usianze na maelezo. Wewe omba radhi tu." Kwa hiyo alijua. Nikamwambia ahsante, gari likaondoka na yeye, nikatafuta gesti nikalala.

Manyoni mpaka kijijini

Asubuhi nilikunywa chai na mihogo ya kuchemsha iliyomiminiwa asali. Asali ya kule ni nyeusi na ina moshi kidogo, ukishaionja hii ya kwetu ya chupa za soda utaiona maji ya sukari. Halafu nikapata bodaboda, jamaa wa makamo mwenye koti la sufi, tukaanza safari, mwendo wa saa mbili kwa njia ya mchanga.

Kosa nililofanya ni kutundika darubini shingoni. Jamaa akaiona kwenye kioo chake cha pembeni, hakuuliza kitu. Lakini kila tulipokuta nyumba alipunguza mwendo, akazungumza Kinyaturu na watu, na watu wakaniangalia kwa makini. Nikafurahi, nikadhani kule wanapenda wageni. Nikawapungia mkono.

Tulipofika ofisi ya kijiji nilikuta wazee saba kwenye benchi na mtendaji kasimama mlangoni. Nikasema shikamooni, wakaitikia bila tabasamu. Mzee mmoja akaniambia nikate maneno, nimeletwa na nani kupima mashamba yao. Nikasema sijaletwa kupima. Akauliza hicho cha shingoni ni nini. Nikasema ni cha kuangalia ndege. Wakaangaliana.

"Kutoka Dar es Salaam," mtendaji akasema.

"Ndiyo."

"Kwa gharama yako mwenyewe."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kuangalia ndege."

Hapo nikaona hata mie nisingejiamini. Mzee wa pili alikuwa hasikii vizuri, yeye aliamini nimekuja kumaliza ugomvi wake na jirani, akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye shamba lake kunionyesha mpaka uliosogezwa. Nilikwenda naye kwenye jua kali, nikaonyeshwa mti uliokatwa, nikaonyeshwa mahali mti ulipokuwa. Nilipomwambia sina madaraka akasema wote huwa tunasema hivyo. Kawaida yangu pale ningekuwa nimeshatoa maneno mawili matatu ya utani, watu wacheke, mambo yaishe. Ulimi ulikuwa unanicheza mdomoni. Nikaumeza. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba siwajui hawa watu, na kwamba kutowajua kwangu kumeshamgharimu mtu.

Mwisho nikataja jina. Nikasema mie ni mgeni wa Ntandu, tulikuwa naye Temeke. Mtendaji akampigia simu mbele yangu. Niliisikia sauti ya Ntandu ndani ya ile simu, ndogo, baada ya miaka mitatu. Mtendaji akamweleza, akamsikiliza. Halafu akakata.

"Anasema mwacheni aje."

Chakula cha Mama Elia

Anaishi na dada yake mkubwa, Mama Elia, mjane. Nyumba ya tofali, bati jipya, uwanja umefagiliwa. Nilimkuta Ntandu kasimama uani. Kakonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Akanipokea begi, akaniuliza za safari, akaniuliza Temeke hawajambo, akaniletea maji ya kunawa mwenyewe. Kila kitu alichofanya kilikuwa sawasawa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha Ntandu wangu. Alinifanyia kama angemfanyia bwana afya.

Nilikumbuka maneno ya yule mama wa basi, nikafungua mdomo. Ntandu akaniwahi. "Umechoka," akasema. "Kula kwanza. Kesho alfajiri twende mtoni." Akaingia kufunga mbuzi.

Mama Elia akaleta ugali wa uwele, mlenda, na bakuli lililofunikwa. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akaniangalia vizuri.

"Wewe ndiye uliyeingia kaburini?"

"Ndiye mie."

Akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, ni kama mtu aliyetaka tu kuhakikisha. Akafunua bakuli. Alikuwa kuku, jogoo mzima wa kienyeji, kwa sababu kule mgeni lazima achinjiwe. "Karibu ugali," akasema.

Mzee Chande, ulitaka kujua nilikula nini. Nilikula mlenda. Ugali wa uwele mweusi, mzito, na mlenda unaoteleza mpaka kwenye kiwiko, mie niliyezoea nazi. Yule kuku nilichukua kipapatio kimoja kwa kuwa kukataa ni kumtukana mwenyeji, nikakitafuna muda mrefu sana, na machozi yakanitoka. Mama Elia akasema ni moshi. Akasogeza kile kigoda chake upande wa pili ili moshi upite.

Asubuhi mtoni

Tuliondoka kumekucha kidogo, jua bado. Mto wenyewe hauna maji. Ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kiasi cha kurusha jiwe lisifike ng'ambo, unakata katikati ya nchi ya miiba iliyokauka mpaka imekuwa kijivu. Nikauliza kwa nini wanauita mto. Ntandu akasema maji yapo, yako chini.

Alikuwa na jembe fupi na kopo la rangi. Katikati ya mchanga kuna visima ambavyo wafugaji wamechimba, vina kina kirefu, na vimezungushiwa miiba ili mifugo isitumbukie. Ndege hawawezi kuvifikia. Kwa hiyo Ntandu kila asubuhi huchimba kishimo chake pembeni, mahali mchanga ulipo chini kabisa. Alichimba kama hatua mbili kwa upana, akafika magotini, akaanza kuchota kwa kopo. Mchanga ukalowa, ukawa mweusi, halafu maji yakaanza kujikusanya yenyewe, ya kahawia, yakatulia, yakawa meupe. Akalainisha kingo kwa kiganja ili ziwe mteremko.

"Saa nne ng'ombe watakuja wakanyage," akasema. "Mpaka hapo ni ya ndege."

Tukarudi hatua thelathini, tukakaa chini ya mgunga, migongo kwenye shina. Sikuleta neno. Niliona akishaanza kuangalia ndege si vizuri kumwingilia, na pia, niseme kweli, niliogopa.

Wa kwanza walikuja tetere, wawili, halafu kumi, halafu nikaacha kuhesabu. Wakafuata wanana, wale wadogo wanaofuma viota, kwa makundi, wamejaa kwenye mwiba mmoja mpaka tawi likalala. Kanga wakateremka ng'ambo kwa mstari mmoja wakikimbia na kusimama. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu akaja peke yake, akatembea akizunguka maji mara tatu ndipo akanywa. Jua lilipogusa ukingo wa mto, ule ukingo wote ukapasuka, kumbe ni matundu ya keremkerem, wale wala nyuki, wakatoka wengi kwa pamoja, kijani na nyekundu, wakawa wanapita juu ya vichwa vyetu karibu kabisa. Kule kwenye mabwawa mmoja wa hao tungemzungumzia mwezi mzima.

Nilikuwa nahesabu aina kimoyomoyo. Nilipofika ishirini na tisa, Ntandu, darubini machoni, akasema taratibu, "Ishirini na tisa." Tulikuwa sawa. Ni mazoea tu, ulimi wake ulisahau, lakini kwa dakika ile nilikuwa juu ya tuta na chupa ya chai katikati yetu, na nilisema moyoni, nimempata.

Kama saa mbili akaniwekea mkono gotini ili nisisogee. Nilisikia kwanza sauti angani, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi. Wakatua mchangani mbali kidogo na maji, na walipotua sikuwaona tena, rangi yao ni ile ile ya mchanga. Firigogo. Nilikuwa nawajua kwenye kitabu tu. Walikaa kimya muda mrefu, wakiangalia. Halafu wote kwa pamoja wakasogea kwa miguu mifupi, wakanywa haraka, wakaruka.

Wakabaki madume watatu. Hawa hawakunywa tu. Waliingia ndani ya maji, wakakaa, wakawa wanajitikisa matumbo yao huku na huku.

"Wanaoga?" nikanong'ona.

"Wanabeba," Ntandu akasema. "Manyoya yao ya tumbo yanashika maji. Vifaranga wako nyikani huko, hawajui kuruka. Baba anakuja mpaka hapa, analowa, anarudi. Wananyonya kwenye manyoya yake." Akashusha darubini. "Anaruka mbali sana, na maji mengine yanakauka njiani."

Wale watatu wakaruka, wazito, wakitoa matone. Tuliwafuata kwa macho mpaka wakaisha. Nimeangalia ndege miaka kumi na saba na sijawahi kuona asubuhi ya namna ile. Daftari likafika aina thelathini na nane. Mkono wake ulikuwa bado upo gotini kwangu, akauona, akautoa.

Nikafanya kama nilivyoambiwa. Sikuanza na maelezo.

"Ntandu, naomba radhi. Nilimvunjia heshima mkeo na nilikuumiza wewe siku ambayo hukuwa na nguvu ya kunijibu. Naomba unisamehe."

Alifuta vioo vya darubini kwa shati. "Nilikuambia mie siyo Mnyamwezi," akasema. "Mwaka ule wa kwanza. Nilikuambia mara mbili. Ukasema huko bara wote ni wale wale."

"Nilisema."

"Siku ile nilitaka kukuvuta kwa mguu. Watu walikuwa wanacheka, na mchungaji kafunga kitabu anasubiri. Nikaona nikikuvuta, msiba wa mke wangu utakuwa hadithi ya ugomvi. Nikakuahidi jogoo ili utoke."

Tetere walikuwa wamerudi kwenye maji.

"Nimekusamehe," akasema. "Siyo leo, zamani. Hilo usilibebe tena kurudi nalo Dar. Wewe siyo mtu mbaya, najua ulitaka kunisaidia."

Nikaanza kumshukuru, akainua kiganja.

"Lakini kukaa na wewe siwezi, Kibwana. Nikimkumbuka mama Neema anaingia kaburini, nakuona wewe mle ndani umelala, umevaa raba. Sitaki, lakini ndiyo ninachokiona. Jana ulipokuja nikasema ngoja nijaribu, nimpeleke kwa ndege, pengine kitatoka. Asubuhi nzima nimejaribu. Kuna wakati kilitoka kabisa." Akakohoa. "Kimerudi."

"Hata nikija mara moja kwa mwaka? Nikakaa kimya tu?"

"Hata hivyo."

Nililia, jamani. Nililia vile ambavyo sikulia makaburini. Yeye alikaa pale pale pembeni yangu, hakuondoka, hakunigusa, mpaka kengele za ng'ombe zikasikika na wale wanyama wakaanza kuteremka mtoni kwa vumbi lao. Walipokwisha kunywa, kishimo kilikuwa tope.

Mpaka barabarani

Mama Elia alinifungia karanga za kukaanga na chupa ya asali, akaniambia nimsalimie Neema. Ntandu akanisindikiza mpaka njia panda anapopita yule jamaa wa bodaboda. Ni mwendo wa nusu saa. Alibeba begi langu njia nzima na alikataa nilipotaka kumpokea. Tulizungumza habari za bei ya bati na kwamba mwaka huu mvua zilikuja zikaondoka. Ndege mmoja mdogo wa manjano alikaa kwenye uzio, wote wawili tulimwona, hakuna aliyesema jina lake.

Jamaa akafika, akafunga begi langu nyuma kwa mpira. Alikuwa kachangamka kuliko siku ya kwanza, kumbe wameshamweleza kwamba mie siyo mtu wa ardhi.

"Mzee Ntandu, huyu mgeni wako ni mteja wangu sasa," akasema. "Nimpokee tena lini stendi?"

Ntandu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika sana.

"Harudi," akamjibu.

Nikapanda.